Damu ya Dauto

Zaida shoga, hata sijui nianzie wapi. Bibi Biubwa katueleza leo mambo ya vita vya kupigania uhuru.

Wareno walimpiga babu Sadallah risasi kule Mute, ng'ambo ya mto Ruvuma. Akavushwa mto hadi hospitali ya upande huu, daktari akasema bila kuongezwa damu hapo hapo hatapona.

Bibi akawazungukia shemeji zake wote kuwaomba damu. Wote wakakataa! Ndugu wa babu wa tumbo moja!

Akabaki Dauto, mume wake wa kwanza, ambaye bibi alimkimbia akaolewa na babu. Dauto, Zaida!

Bibi hakuwa na nguvu hata za kuona haya. "Nimechoka kuomba, Dauto."

Dauto akakunja mkono wa shati. "Usimwambie ni yangu. Ataikataa."

Damu ikakubali, babu akapona. Babu kafa mwaka jana, hajui.