Maji ya Namba Sifuri

Jumatatu, 4 Agosti
Nisamehe, daftari. Tangu tumzike mume wangu Eliya sijaandika neno, na hiyo ni miezi mitano. Mtoto, shamba, usingizi. Kila jioni nilisema kesho.

Leo nimekamua mbuzi, nimempikia Tumaini uji, nimemfunga mgongoni, tumeshuka kupalilia maharage. Ukungu Vudee nzima. Saa nne asubuhi nikasikia mota ya lango kule kwenye ndiva, bwawa letu la kijiji. Maji yakaja mferejini kwetu taratibu, yakazunguka kaburi la Eliya, yakaingia kwenye maharage.

Zamu yetu ni Ijumaa.

Simu ikalia, ujumbe wa kundi zima: "Zamu: namba 0. Lango limefunguliwa."

Namba sifuri ni Eliya. Alijiandikisha wa kwanza siku anaujaribu mfumo wa zamu, na kompyuta zao huanza kuhesabu na sifuri. Zamani karani aliuza zamu za watu. Ndipo Eliya na mdogo wake Zefania wakaandika mkataba unaojiendesha, upo kwenye blokcheni, daftari linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, hakuna karani wa kuufuta. Mwenye zamu anabonyeza "nataka" au "napisha". Lango linafunguka lenyewe.

Leo nani kabonyeza?

Jumatano, 6 Agosti
Tena. Saa nne ileile, ukungu uleule. Tumaini akisikia mota anakimbilia mlangoni. Alizoea baba yake huwa huko.

Simu ya Eliya imo sandukuni, imezimwa tangu mazishi. Nimeitazama. Imezimwa.

Jioni Bi Nakijwa, mwenyekiti wa kundi la maji, akaniita mbele za watu.
"Mama Tumaini, mumeo ana kiu kuliko sisi tulio hai!"
Wakacheka. Halafu wakaacha kucheka.
Akasema natumia simu ya marehemu kuiba zamu. Kikao ni Ijumaa ya wiki ijayo. Likithibitika, nyumba yetu inaondolewa kwenye maji. Maharage ndiyo yanatoa maua. Bila maji hayafiki popote, na sisi hatuna shamba lingine.

Nikaifuata simu sandukuni, nikamkabidhi. "Shikamoo, bibi. Kaa nayo wewe." Akaifunga kwenye pindo la khanga. "Marahaba. Nitalala nayo, tuone."

Jumamosi, 9 Agosti
Mchana kweupe. Bi Nakijwa mwenyewe kasimama kwenye ukuta wa ndiva, simu pindoni. Lango likafunguka mbele yake. Namba 0.

Akaja mbio kwangu. Mama mwenye magoti mabovu. Akakaa kwenye jiwe, akanirudishia simu kama kitu cha moto. Hakutaja wizi.
"Mwanangu, huyu mtu mlimzika vizuri?"

Hii ni mbaya kuliko wizi. Wizi ningejibu. Sasa watu wanapita njia ya juu, wasipite shambani kwetu.

Na niandike ukweli: maji yalipofika nilifurahi. Nilisimama pale kaburini nikasema, yatosha baba, utatuponza. Nikangoja. Kwa nini nilingoja?

Jumatatu, 11 Agosti
Nimeshinda msibani kwa marehemu Mzee Kajiru, aliyefariki tarehe 3, nikisaidia chai. Walinipokea ndoo bila kugusa mkono wangu. Sawa.

Nikawa namimina, nawahesabu waliokaa kwenye mkeka mmoja. Mtoto wake mkubwa: zamu yake ni Jumatatu. Mdogo wa huyo mtoto: Jumatano. Mkwewe: Jumamosi. Siku zilezile za namba sifuri.

Nyumba yenye msiba haishiki jembe wala haiombi maji mpaka tanga lianuliwe. Haihitaji kusema. Zamani majirani walijua tu, maji yakaenda kwa anayefuata. Nikamuuliza yule mdogo wake, taratibu: ulibonyeza nini Jumatano? Akanishangaa. "Nibonyeze nini, shemeji, nimefiwa?"

Hawakubonyeza "nataka". Hawakubonyeza "napisha". Walikaa kimya tu.

Nimempigia Zefania. Nimemwambia acha kazi, panda.

Alhamisi, 14 Agosti
Zefania kafika kutoka Same kwa bodaboda, vumbi mpaka kope. Kafungua kompyuta juu ya meza ya kulia. Kwa saa nzima akapekua mistari ya mkataba. Kisha akashika kichwa.

Mkataba una vipande viwili. Eliya aliandika cha kupokea majibu kwa lugha yake ya kompyuta, Rust. Zefania akaandika cha daftari na lango kwa lugha nyingine, Solidity. Kati yao waliweka daraja la kutafsiri. Nikamuuliza, mbona hamkutumia lugha moja? Kila mmoja aliona yake ndiyo bora. Ndugu hao.

Kwa lugha ya Eliya, asiyejibu ni "hakuna". Kwa lugha ya Zefania "hakuna" haipo. Pasipo na kitu yeye anasoma sifuri.

"Na sifuri ni mume wangu," nikasema.
"Ndiyo, shemeji. Ndiyo maana hata Ijumaa zenu maji yalikuja, simu imezimwa."

Hakuna mzimu. Nilitakiwa kufurahi. Nimelia mpaka Tumaini akaniletea kijiko chake.

Kisha likaja lingine. Kumfuta namba sifuri kunataka saini mbili: ya Zefania na ya Eliya.

Ijumaa, 15 Agosti
Kikao kwenye ukuta wa ndiva. Ukungu. Ilikuwa zamu yetu halali, maji yanatembea. Zefania kaeleza. Bi Nakijwa akamwambia, "Kwa hiyo mashine yenu haijui kufiwa?" Zefania akainamisha kichwa. Akaahidi kuwa kimya kitahesabiwa kupisha, na wanachama wataanza na namba moja.

Nikasema langu: namba sifuri asipewe mtu. Na mimi niandikwe kwa jina langu, siyo mjane wa fulani. Wakanyoosha mikono. Wote.

Nikawasha simu ya Eliya. Namba ya siri ni siku aliyozaliwa Tumaini. Ikauliza: "Eliya, unathibitisha kumwondoa Eliya?"

Kidole changu, jina lake. Nikabonyeza.

Mota ikalia. Lango likashuka. Maji yakakatika katikati ya mfereji, na kule chini, nyumbani, nikamsikia Tumaini akiita.

Nilisikia baridi kama mtu kapita nyuma yangu. Sikugeuka.

Jumapili, 17 Agosti
Nimetoka ibadani. Maharage yamelegea kidogo, hayajafa. Bi Nakijwa kanipisha zamu yake ya keshokutwa. Mtoto kalala. Kimya tu, nami nimekiacha.

Zefania karudi Same. Anatumiwa orodha kesho na gari la asubuhi. Bado nahitaji aniletee:
Namba yangu, kabla ya Ijumaa.
Karatasi yenye majina yote mapya, nikaibandike kwa Bi Nakijwa.
Betri ya lango, hii inachoka.
Waya wa chaji, mfupi unatosha.
Mbegu ya maharage, kilo mbili.
Mafuta ya taa, lita moja.
Buti za mvua za Tumaini. Kubwa kidogo, za kukulia.