Kampuni Yangu na Wifi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Vipi magoti, na kile kikohozi cha Baba kimetulia? Huku wajukuu wako ni wazima, wanakula na kugombana kama kawaida yao. Mimi mwili mzima, ila roho bado haijarudi mahali pake. Kwa hiyo barua hii isome ukiwa umekaa, na Baba umsomee baadaye, polepole.

Unaijua kazi yetu ya mapazia, mimi na wifi yangu, pale sebuleni kwangu tulipobanana na cherehani hata wageni wanapokelewa jikoni. Basi tumepata kazi ya hospitali, mapazia ya wodi zote na mashuka. Mnunuzi wa pale alitusifu, lakini akasema hospitali hailipi watu wasioandikishwa. Twende tukaandikishe biashara, kisha turudi. Nilirudi nyumbani kichwa kimenivimba.

Mume wangu aliposikia alisema mambo ya serikali tumwachie yeye. Ataandikisha jina la biashara kwa jina lake, anwani iwe nyumbani, maana nyumba ni yake, na sisi tushone tu. Nikaona mume ndiye huyo, anatupunguzia kuzunguka maofisini. Wifi alikuwa anapima kitambaa, akapima tena kile kile, akakikata vibaya. Mama, yule hajawahi kukata vibaya tangu nimjue. Mtaani wanamwita Bibi Futi.

Kesho yake akaanza. Hataki jina la biashara, anataka kampuni. Na hataki anwani iwe nyumbani. Eti amepata chumba cha kupanga karibu na stesheni, upande wa pili wa mji. Nikamuuliza kwani sebule yangu ina kunguni? Akasema twende kwa wakili tukasikie. Moyoni nikasema haya, wifi ni wifi hata umlambishe asali. Kazi imenona, sasa anataka kunitoa.

Wakili ni binti mdogo, ofisi yake iko juu ya duka la viatu, ngazi zinanuka gundi. Alitueleza vizuri. Jina la biashara likiwa la mtu mmoja, mali ni yake na deni ni lake; akidaiwa, cherehani zinabebwa. Ubia mnabeba wote, mmoja akikosea wawili wanalia. Lakini kampuni ni kama mtu mwingine kabisa, ina mali yake na madeni yake, na kila mmoja wenu ana hisa zake mwenyewe. Nikamwambia basi katika umri huu nimezaa mtoto asiyekojoa kitandani. Alicheka. Wifi hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: mali ikiwa ya kampuni, mume wa mtu anaweza kuiuza? Wakili akasema kama hayumo kwenye kampuni, hawezi.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia mbele ya mgeni kwamba anamtukana kaka yake wa tumbo moja, na kama anataka kampuni akaanzishe na mwingine, asinivunjie nyumba. Unanijua nikianza. Wakili wa watu akajifanya amesahau kitu nje, akatupisha.

Wifi alisubiri nimalize. Kisha akasema, "Kaka ana nyumba nyingine huko anakosafiri. Ana mke, na mtoto ameshaanza kutembea. Hii nyumba yenu amepata mnunuzi, na cherehani amezihesabu humo humo. Alitaka mimi niwe shahidi."

Mama, nilicheka. Sijui kwa nini. Nilicheka mpaka nikakosa pumzi, huko chini wanagonga soli, nami nimeshika kiti kwa mikono miwili. Nikamuuliza mbona hakuniambia nyumbani. Akasema nyumbani mama yake yuko chumba cha pili, na huyo mama anajua tangu mtoto yule azaliwe. Mama mkwe, ninayemkanda mgongo kila asubuhi!

Nikamuuliza sasa kwa nini ananisaidia mimi, na yule ni damu yake. Akaanza kulia. "Ni damu yangu," akasema, "lakini siwezi kukaa nawe cherehani kwa cherehani huku najua. Nimeshindwa."

Basi nikuambie nililolifanya: nilitia saini. Kampuni, hisa nusu kwa nusu, anwani ya stesheni. Jana tumehamisha cherehani kwa mkokoteni, mchana kweupe. Mama mkwe alisimama mlangoni akauliza kulikoni, nikamjibu kazi ya hospitali inataka nafasi. Mume wangu bado hajui kitu, yuko safarini, anarudi Ijumaa. Nitamuuliza mwenyewe kwa mdomo wangu, na hiyo nyumba haiuzi kimya kimya tena, maana wakili ameshaanza kuifuatilia. Naogopa, Mama. Tangu jana uzi hauingii kwenye sindano.

Najua utasema nifunge mizigo nije. Siji. Nina wodi zinanisubiri. Baba asipande gari, na wajomba wasiitishe kikao, mpaka niandike tena.

Nisalimie Baba, shangazi na majirani wote wanaoniulizia. Wajukuu wanakuamkia. Wifi yangu anakusalimu kwa heshima nyingi, na ukiniombea mimi, mtaje na yeye. Salamu za mkweo leo sina.

Ni mimi mwanao,
Kifungua mimba wako