Mizizi Juu

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha polisi, chumba cha maelezo
Siku: Jumamosi, tarehe 13, saa nne asubuhi
Jina: Kama lilivyo kwenye kitambulisho alichoonyesha. Kijijini anaitwa Fundi.
Umri: Miaka 43
Kazi: Fundi cherehani, mwanachama wa Chama cha Bustani na Kazi za Mikono
Makazi: Nyumba iliyo nyuma ya mashine ya kusaga, anaishi na mama yake mzazi
Kuhusu: Kung'olewa kwa miche ya maua ya chama

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa hiari yangu, sikuitwa wala sikuletwa. Naomba afande aniwie radhi nikisimama simama. Tangu juzi sijui kukaa. Jana nilikuwa namshonea mteja gauni, mkono wa kulia nikauweka kushoto, nikafumua, nikaurudisha palepale kushoto. Mteja akaniambia, "Fundi, leo cherehani inakushona wewe."

Chama chetu kina wanawake ishirini na kitu. Tuna bustani ya pamoja mbele ya banda letu, na ndani ya banda tunasuka vikapu, tunafuma na kushona. Mwanzilishi wa chama ni mama yangu. Wengi wetu tumejifunzia jembe mikononi mwake, na kuna sheria yake moja ambayo kila mwanachama anaijua hata ukimwamsha usingizini: ukiling'oa gugu usilitupe ovyo, lilaze kwenye mstari, mizizi juu, jua limalizie kazi. Anasema gugu lililolala ubavu linaamka.

Mwaka jana macho ya mama yaliingia ukungu. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona kwamba mtu amesimama mbele yake, lakini hajui ni nani mpaka aseme. Mwenyekiti wetu akamwambia kwa heshima zote, "Mama, umetulimia vya kutosha. Sasa kaa bandani kivulini, utusukie vikapu." Jembe lake likatundikwa ukutani. Sote tulipiga makofi. Mama hakupiga. Njiani kurudi nyumbani aliniambia, "Wamenitundika mimi, si jembe." Tangu hapo anasuka kikapu, akifika ukingoni anakifumua na kuanza upya. Ukimuuliza anasema hakikunyooka.

Mwezi huu tulikuwa na mashindano ya vyama. Waamuzi walikuwa wapite leo, na chama chenye bustani ya kupendeza kingepewa tangi la maji. Sisi tunachota kwa ndoo kutoka bondeni, kwa hiyo tangi hilo halikuwa jambo la mchezo. Mwenyekiti alitafuta mbegu za maua ya njano, akaziotesha kwenye makopo uani kwake, akawa anaziamkia kabla hajamwamkia mumewe. Tulipanda miche hiyo matuta matatu mbele ya banda.

Jirani yetu ambaye mmemweka mahabusu hapa, mwanamke mwenzetu wa chama, sote tunamwita Redio. Ukinunua sufuria asubuhi, jioni kijiji kizima kinajua lina mfuniko au halina. Redio hakuyapenda hayo maua. Kwenye mkutano wa Jumapili alisimama akasema mbele ya wote, "Maua hayaliwi. Siku moja nitayang'oa yote nipande mboga, na mtanishukuru." Tulicheka. Mwenyekiti hakucheka. Walijibizana mpaka mkutano ukavunjika, na hayo ndiyo maneno yaliyomponza Redio.

Mnamo Alhamisi, tarehe 11, niliamka saa kumi na mbili asubuhi. Kitanda cha mama kilikuwa kitupu, blanketi limekunjwa. Nilikimbilia uani nikamkuta anaingia kwa mlango wa nyuma, nguo imelowa umande mpaka magotini, kucha zimejaa udongo, na gunia lake la kupigia magoti liko kwapani. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Nilimfokea. Nilimwambia, "Mama, ukitumbukia mtaroni nani atakuona?" Akanijibu, "Leo nimefanya kazi ya watu, mwanangu. Niache nifurahi." Nilidhani ametoka kwenye mboga zetu nyuma ya nyumba.

Alikunywa chai vikombe viwili na kumaliza mkate wote. Afande, kwa miezi mingi mama yangu alikuwa anadonoa tu chakula kunipa moyo. Asubuhi ile nilimtazama akitafuna nikafurahi sana, na hiyo furaha ndiyo inayonichoma mpaka sasa.

Saa moja na nusu nilisikia kelele upande wa banda. Nilipofika, matuta yote matatu yalikuwa matupu. Miche ilikuwa imelazwa kwenye mistari iliyonyooka, mizizi juu. Wenzangu walikuwa wanatazama matuta. Mimi nilitazama mistari.

Mwenyekiti alikuwa ameshika kichwa. Alisema, "Kikulacho ki nguoni mwako. Tazameni ilivyolazwa. Aliyefanya hivi ni mwenzetu, tumefundishwa pamoja." Watu wakaanza kutazamana, kila mmoja akimpima mwenzake kwa jicho la pembeni. Hakuna aliyemfikiria mama. Kwao mama ni mtu wa kivulini na vikapu.

Kwenye kona ya tuta la mwisho mmea mmoja ulikuwa umebaki umesimama. Lilikuwa gugu, afande, gugu hili hili la kando ya njia, majani yake yanafanana na ya yale maua. Lilikuwa limepaliliwa vizuri na kuinuliwa udongo shinani kwa viganja. Mwenye nia mbaya halei gugu. Anayelea gugu ni asiyeona. Niliinama kama ninayefunga kiatu, nikaling'oa, nikalitia mfukoni kabla mtu hajaliona. Nilificha ushahidi, na nataka hilo liandikwe kama nilivyolisema. Gugu lenyewe ninalo. Hili hapa.

Redio alikuwa amesimama kando, mikono kifuani. Nyumba yake inatazamana na bustani, na kila siku alfajiri huwa anafagia kibaraza. Mwenyekiti akamgeukia. "Wewe unayejua mpaka kuku wa nani katagia wapi, leo hukuona kitu?" Redio akasema, "Sikuona." Mwenyekiti akamuuliza tena. Akasema tena, "Sikuona," na akanyamaza. Watu wote walishtuka. Tangu nimjue, Redio hajawahi kujibu swali kwa neno moja. Mwanachama mmoja akasema kwa sauti, "Redio imezimika yenyewe? Basi ana hatia." Hivyo ndivyo alivyohukumiwa pale. Mimi nilikuwa na gugu mfukoni na sikufungua kinywa. Saa tatu polisi walifika, wakamchukua.

Siku hiyo sikushona kitu. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi, nikavikausha, nikavisahau, nikaviosha tena. Jioni mama aliniuliza, "Wenzangu hawajasema kitu kuhusu bustani?" Nikamwambia bado. Akasema, "Labda hawajapita. Wakipita wataona." Kisha akavaa viatu akakaa mlangoni. Alikuwa anasubiri mtu aje kumpa asante.

Jana Ijumaa, saa saba mchana, nilimletea Redio chakula hapa kituoni. Nilikuwa nimejiandaa anitukane. Alisogea kwenye nondo akaniuliza jambo moja tu, "Fundi, mama anakula?"

Nilimwambia anakula. Akaniambia, "Nilimwona. Nilipotoka kufagia alikuwa amebakiza mstari mmoja. Alikuwa anaimba. Ningemkatiza nimwambie nini? Kwamba kazi yote ile ameharibu?" Nikamwambia, "Jumatatu watakupeleka mahakamani." Akasema, "Nitasema nilifanya kwa hasira. Mimi kusemwa nimeshazoea, yeye hajazoea. Kijiji kizima kilipokuwa kinaniita mvivu wa ukoo, ni nani aliyenipa jembe? Nenda nyumbani. Na wewe usije ukajifanya redio sasa." Alicheka, akaanza kula. Nililia njia nzima na sikujali nani ananiona.

Sikupata usingizi. Kila nikifumba macho namsikia yule mwenzangu anasema Redio imezimika. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nimeficha siku mbili, na nilichozaa ni mwanamke asiye na kosa kulala kwenye sakafu ya saruji.

Leo asubuhi nilitaka kuja peke yangu, lakini mama siwezi tena kumwacha nyumbani bila mtu. Nilimwambia tunakwenda kumsalimia Redio kituoni. Akaniuliza Redio amefungwa kwa kosa gani. Nikamwambia mdomo. Akacheka, akasema, "Nilimwambia." Nimemkalisha kwenye benchi la nje, kando ya maua yaliyozungushiwa mawe meupe, amekalia gunia lake, kikapu chake mapajani. Naomba nimchungulie mara moja.

(Shahidi ametoka na kurudi.)

Yupo. Anasuka.

Nikiulizwa kama nilimwona mama yangu kwa macho yangu aking'oa miche, sikumwona. Nimetambua kwa umande, kwa udongo, kwa gunia na kwa hilo gugu. Nikiulizwa kama ana ugomvi na Mwenyekiti, hana. Anampenda, ndiye aliyemshonea gauni la harusi yake. Nikiulizwa kama akili zake ni timamu, ni timamu kuliko zangu. Ana akili zote na mikono yote. Hana macho tu, na sisi kwa wema wetu tukamnyang'anya na kazi.

Nikiulizwa kwa nini sikusema mapema, niliogopa. Sikuogopa polisi. Tangi limekwenda, wenzangu wataendelea kupanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, na niliogopa watamtazama mama kama mtu aliyewanyima maji. Zaidi nilimwogopa mama mwenyewe. Siku atakayojua aliyoyafanya, hatashika hata sindano. Atakaa kwenye kiti, mikono juu ya mapaja, na nitamzika akiwa hai.

Ninaomba Redio aachiliwe leo. Kama kuna faini ya miche au adhabu ya kuficha ushahidi, iwe juu yangu. Na ninaomba, afande, kama sheria inaruhusu, mama asiitwe humu ndani kuulizwa. Kama lazima aambiwe, niacheni nimwambie mimi, nyumbani, kwa wakati wangu. Sijui nitaanzaje. Nimejaribu tangu juzi na kila nikifungua mdomo ananiuliza kama wenzake wamepita bustanini.

Ninayoyajua ni hayo, nimeyasema nikiwa na akili zangu, na hakuna aliyenitisha wala kuniahidi kitu. Nimesomewa, nimeona yako sawa.

Sahihi ya shahidi: (ameweka)

MAELEZO YA AFISA

Nimeandika maelezo haya mwenyewe kwa lugha anayoifahamu shahidi na kumsomea. Mmea mmoja ulionyauka nimeupokea kama kielelezo.

Saa tano na dakika kumi nilimpigia simu mlalamikaji, yaani mwenyekiti wa chama, nikamweleza kwa ufupi. Alisema haamini, nami sikumlazimisha. Alisema anakuja.

Shahidi alipotoka nje kumchukua mama yake alinipigia kelele nitoke. Bibi hakuwa kwenye benchi. Alikuwa amepiga magoti juu ya gunia, kwenye maua ya mbele ya kituo. Maua hayo niliyapanda mimi tangu nilipohamia hapa, na ni mimi ninayeyamwagilia. Yote yalikuwa yameng'olewa na kulazwa kando ya mawe kwa mistari iliyonyooka, mizizi juu. Magugu mawili ya porini yalikuwa yamebaki yamesimama, yameinuliwa udongo shinani. Bibi alikuwa anaimba.

Mlalamikaji alifika wakati huo. Alitazama mistari kwa muda mrefu.  Aliniambia pembeni kwamba anaondoa malalamiko, na kwamba jembe la ukutani litashushwa, na bibi atatafutiwa mtu wa kulima naye bega kwa bega amwelekeze. Mtuhumiwa nimemwachia saa sita kasoro robo. Alipotoka aliona maua, akaona bibi, akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Amejitolea kuwa ndiye huyo mtu.

Shahidi alitaka kuniomba radhi. Nimemwambia kwamba kuhusu maua ya kituo hakuna mlalamikaji, na jalada halitafunguliwa.

Bibi aliposikia viatu vyangu aliinua uso akaniuliza, "Ni nani hapo?" Nikamjibu ni askari wa kituo. Akasema, "Mlikuwa mmepaacha sana, mwanangu. Sasa panaonekana?"

Nimemjibu kwamba panaonekana. Nimemshukuru kwa kazi.