Mkwe Nisiyemtazama

Jumatatu, 3 Juni

Baridi kali. Uji tayari, uani nimefagia. Eliza kaja kusimama mlangoni mwa jiko, anazungusha kidole kwenye bawaba. Hivyo hivyo tangu utoto, akiwa na la kusema. Shabani wake katolewa chumbani, mwenye nyumba anaweka duka. Ahamie kwetu?

Kwetu! Hata posa hajaleta.

Nilitaka kukataa. Ila nikikataa, Eliza atamfuata. Baba yake alishaniacha. Siwezi kubaki na kuta tu. Nimesema aje.

Jumatano, 5 Juni

Kaja na begi na godoro. Mtu wa Tanga, anashughulikia makaratasi ya malori mpakani. Kanyoosha mkono, "Shikamoo mama." Nikajifunika khanga, nikatokea mlango wa nyuma.

Nimefanya vizuri. Kwetu Igamba mama mkwe na mkwewe hawatazamani, hawapeani mkono, hawali pamoja. Ndiyo heshima yenyewe. Kaka yangu kanicheka kwenye simu, eti huyo si mkwe, hajatoa chochote. Mjinga. Nikimtazama usoni, basi ni mwanaume tu analala na binti yangu chini ya paa langu. Nikimkwepa, ni mkwe. Nimechagua kumkwepa.

Jumapili, 9 Juni

Kumbe kazi! Nyumba ndogo, mlango wa uani mmoja. Asubuhi nimekwama chooni, mkwe yuko bombani anapiga mswaki. Anasugua kama sufuria iliyoungua. Nimefika kanisani kwaya imeshaimba.

Jioni nimekula jikoni, kwenye kigoda, miguu karibu na mkaa. Wao sebuleni, kwenye makochi yangu. Nimewasikia wanacheka. Sikujua wanacheka nini.

Ijumaa, 14 Juni

Wali wa nazi. Kutafuta nazi Tunduma, uzunguke soko zima! Nimeipata, nimekuna, nimepika, Eliza kapeleka. Sahani zimerudi tupu. Nimefurahi peke yangu, nikaosha vyombo.

Nilimkubali ili nisibaki mpweke. Sasa watu wamejaa ndani, na mimi sina wa kuongea naye.

Jumatano, 19 Juni

Mkwe huwa anasalimia akipita dirishani. Mimi nakohoa kidogo, ndiyo marahaba yangu. Leo kapita kimya. Nilikuwa nimeshajiandaa kukohoa.

Eliza naye kanuna. Nimemuuliza kuna nini. Hakuna kitu, mama.

Jumamosi, 22 Juni

Wanahama. Wamepata nyumba Mpemba.

Eliza kanilipukia jikoni. Eti namchukia Shabani kwa sababu ya dini yake. Eti anasalimia, namkimbia kama mwizi. Eti hata chakula sili naye.

Mimi! Niliyemtafutia nazi!

Nimemwambia ile ni heshima. Sijawahi kumpa mtu heshima kubwa kuliko ile. Eliza kanitazama, hasira zikamwisha. Akauliza, "Sasa mbona hukusema, mama?"

Nani husema jambo kama hilo? Mama yangu alimkwepa baba Eliza hivyo hivyo, na baba Eliza akajivuna kijiji kizima. Nilidhani Eliza anajua. Kakulia hapa katikati ya honi za malori, ningemfundishia wapi? Na huyo wa Tanga ndiyo kabisa.

Eliza kasema atamweleza, lakini nyumba wameshailipia. Nikasema basi nitoke mwenyewe, nimpe mkono, yaishe. Nimefika kwenye pazia la sebule. Nimemsikia anapanga nguo. Nimeshika pazia, nikaliachia. Nimerudi jikoni nikalia.

Jumatatu, 24 Juni

Wamepakia kwenye bajaji. Nimechungulia dirishani. Ndiyo mara ya kwanza kumwona vizuri. Masikio makubwa, uso wa kitoto. Kabla ya kupanda kageukia jikoni, kainamisha kichwa.

Nimekohoa. Bajaji ilikuwa imeshawaka. Sidhani kama amesikia.

Jumapili, 30 Juni

Nimewahi kanisani. Bombani hapakuwa na mtu, choo wazi, uani kweupe.

Mchana simu imelia, namba ya Eliza. Kumbe ni mkwe. "Shikamoo mama." Nikataka kukohoa. Halafu nikawaza, kwenye simu hakuna uso. Wazee wetu hawakukataza simu. Nikasema marahaba, mwanangu. Kwa sauti, si kwa kukohoa.

Kasema Eliza kamweleza yote. Kasema angejua, asingehama. Kauliza nimekula nini. Nikamwambia ugali na maharage. Kauliza, bado unakula jikoni, mama?

Nikamwambia hapana. Siku hizi nakula sebuleni. Hakuna wa kumkimbia.