Jiwe Lililokaa Jikoni

Kamalondo, Lubumbashi
Tarehe 19 Mei 1984

Mpendwa Mjomba Mumba,

Pokea salamu zangu, nikikupigia makofi mawili kama ulivyotufundisha tulipokuwa wadogo. Mguu wako unaendeleaje? Na Mama Adolphine, kifua kimemwachia? Sisi huku tunashukuru. Baridi imeanza, mke wangu Ngosa anajifunga shuka juu ya koti, na Bijou wetu amepona surua, sasa anakula kunishinda mimi baba yake.

Mjomba, kabla hatujaenda mbali: kama bado hujakata michikichi, usikate. Najua macho yako yamechoka, basi anayekusomea airudie sentensi hiyo mara ya pili.

Mwezi wa pili nilikuandikia kwamba jiwe lako jeusi lina mafuta, tena mengi, na kwamba wenye mitambo wakija watahitaji mahali peupe kando ya mto. Sasa mwanao Stanislas amefika huku na habari kwamba umekwisha kuita ukoo, na mmepatana shamba la michikichi alilopanda Nkambo Chomba, mama yako, lifyekwe lote. Aliniambia hivi, akitabasamu: “Baba anangoja tu Pentekoste ipite. Bantu bote banajua.” Namrudisha na barua hii kwa treni ya kesho, na huko Kalemie atafute chombo cha kwanza.

Ngoja nikueleze nilivyokosa, maana wewe hukubali kuambiwa tu, unataka kuonyeshwa.

Kazi yetu huku Kasapa, kwenye labo ya mawe, ni kuliuliza jiwe maswali. Jiwe kama lako wakubwa wetu wanaliita jiwe-mama. Ni tope jeusi la ziwa la zamani sana, lililomeza majani na vijidudu vya majini, likazikwa, likapikwa na joto la ardhi. Likipikwa kidogo, halijazaa kitu. Likipikwa kupita kiasi, mafuta yamegeuka gesi na gesi imekwenda zake. Na hata likipikwa vizuri, mara nyingi mafuta hubaki yamebanwa humohumo ndani, hayatoki mpaka jiwe lipasuliwe. Kwa hiyo tunalisaga, tunatia unga kidogo kwenye tanuru, tunapandisha moto polepole. Mafuta yaliyokwisha kuiva hutoka moto ukiwa mdogo. Yale ambayo jiwe lingeweza bado kuzaa hutoka moto ukiwa mkali. Tunapima yote mawili, ndipo tunasema neno.

La kwako lilitoa mengi, lakini katikati: moto si mdogo tena, wala haujawa mkali. Hapo nilipaswa kuweka kalamu chini, maana mafuta ya jiwe lenyewe hayatoki hapo katikati. Mimi nikafurahi! Miaka kumi na moja nasaga mawe ya watu wengine, kwa nini mara moja lisiwe letu? Nikajitungia sababu, nikaziandika kwenye daftari, na siku ileile nikakutumia ile barua.

Juma lililopita mwenzangu wa labo, Mama Ngalula, mama wa Kasai asiyependa mchezo, alisoma daftari hilo akaniuliza jiwe lilikaa wapi kabla ya kuletwa. Nikacheka. Stanislas alikuwa ameniambia tangu siku aliyolileta: miezi minane kwenye uchaga wa jikoni, juu ya moto, ubavuni mwa mtungi wa mawese, maana huko ndiko kwetu tunakowekaga kitu kisichotakiwa kupotea, mbegu za mahindi hata karatasi za ubatizo. Nilisikia, sikuandika. Mgeni angeuliza. Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa najua.

Mama Ngalula hakucheka. Tuliosha unga wa jiwe kwa dawa inayoyeyusha mafuta, kazi niliyopaswa kuifanya mwanzoni. Dawa ikawa ya rangi ya machungwa. Ilipokauka akanusa kikombe, akanisogezea.

“Anaclet, hii haiko petroli. Hii iko mawese ya kwenu.”

Tukaunguza tena ule unga uliooshwa. Moto mdogo, karibu hakuna kitu. Moto mkali, vilevile. Jiwe lako lilipikwa likaisha, Mjomba, zamani kabla ya mtu yeyote kuwako. Niliona aibu hata machozi yakanitoka mbele ya yule mama, naye akanipa kitambaa.

Nimekwisha kulifuta neno langu kwenye ripoti. Mkubwa wangu alinuna siku mbili, sasa tunasalimiana. Sisemi kwamba bonde letu lote ni tupu; jiwe moja haliwezi kusema kwa niaba ya bonde zima. Labda chini zaidi liko lingine. Lakini labda haikatiwi miti.

Wako watakaosema nimenunuliwa, nataka kilima lilikotoka jiwe kiende kwa wengine. Usigombane nao kwa ajili yangu. Waambie tu kwamba mwana wa dada yako alikosa, na kwamba wewe ulimwamini kwa kuwa ni damu yako.

Nisalimie Mama Adolphine, mtungi wake hauna kosa. Nisalimie Bwalya na watoto wake, na katekista Constantin. Mungu awape usingizi mzuri na mvua kwa wakati wake.

Na kama panga limekwisha kuingia kabla Stanislas hajafika, usinifiche. Niandikie ni mingapi. Mwezi wa kumi na moja, mvua ikianza, nitaomba likizo, nitakuja, na kwa kila mchikichi ulioanguka nitapanda mmoja kwa mikono hii, ukoo wote ukinitazama.

Wako akupendaye, mpwa wako,
Anaclet Mwape