Boti ya Kutwa Nzima

Misigiri, Iramba

Kaka Kefa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alitulea hivyo. Alizeti tumeshavuna, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Baba anakula kidogo sana.

Siku tuliyomzika mama ulipiga simu ukilia, ukasema kazini huko Ugiriki wamekunyima ruhusa. Baba akawaambia watu msibani, "Msimlaumu mwanangu, yuko chini ya watu." Tukakuombea pale pale kaburini.

Jumapili nimeona picha alizoweka rafiki yako, na tarehe ni ile ile ya mazishi. Mko kisiwani, mmekodi boti yenu peke yenu kutwa nzima. Wewe umevua shati, umeshika usukani, unacheka.

Nilitaka kumficha baba, lakini aliichukua simu mkononi mwangu. Akaitazama weee, mwishowe akasema, "Kumbe ruhusa alipata." Kisha akaenda kunywesha ng'ombe.

Tangu hapo hajakutaja. Jana mchungaji mgeni alimuuliza ana watoto wangapi.

"Mmoja," baba akamjibu. "Huyu Raheli."

Sikumsahihisha.

Ni mimi,
Raheli