Pikipiki Isitoke Leo

Baba Mwende,

Chai iko kwa thermos, mihogo nimefunika. Pikipiki isitoke leo. Ufunguo usitafute, nimeenda nao kazini.

Jana nililala nimekununia kwa kuinunua bila kuniambia. Asubuhi nikashuka kuiona, nikaikalia tu hapo uani, nikafumba macho. Nikajiona tumeshapita Machakos, niko nyuma yako, upepo umejaa kwenye blauzi, na vilima vya kwetu vinatusogelea polepole kama vilikuwa vinatungoja. Kufumbua macho, ni shuka za Mama Nerima zinanipapasa uso kwenye kamba. Na chini ya injini, oili imedondoka sakafuni.

Mwite fundi aangalie inavuja wapi. Mnyororo umelegea. Breki ya nyuma nimeikanyaga hadi mwisho na bado inateleza. Tairi la mbele limeisha meno. Aliyekuuzia alipaka tangi rangi mpya, nawe ukaangalia tangi.

~~Mrudishie mwenyewe.~~ Usimrudishie. Itengenezwe.

Fundi akimaliza, nenda ukanunue helmeti ya pili. Umeleta moja, kama mtu hana mke.

Mama Mwende